Nahodha na Sare ya Milia

Saa nane na dakika ishirini mchana pantoni ilifika pima kumi kutoka gati ya Mbono, ikasita, ikageuka kushoto taratibu, ikaondoka.

Gatini walikuwa wamesimama wanawake arobaini, safu moja, bega kwa bega. Vigelegele walivyovianza pantoni ilipochomoza kwenye mikoko vilikatika kimoja baada ya kingine. Juu ya sitaha, Shaame, bwana harusi, alikuwa amekwisha inua mkono kuwapungia. Aliushusha akiwa tayari anatazama upande mwingine wa bahari.

"Labda amesahau kitu," alisema mwanamke mmoja.

"Amesahau gati?" alijibu Bi. Kazija.

Bi. Kazija alikuwa shangazi wa bibi harusi, na siku hiyo ndiye aliyeshika mlango. Kwa mila ya kisiwa cha Mbono bwana harusi hapokelewi, huzuiwa. Wanawake wa upande wa bibi harusi husimama mlangoni mpaka upande wa pili utoe sinia la manukato, udi na marashi na asumini, na sinia hilo lazima lipite mkono kwa mkono. Kabla ya hapo hakuna anayeondoka kwenye safu. Safu ikivunjika, mlango umefunguliwa bure, na bibi harusi atasimangwa kwa hilo mpaka awe na wajukuu. Jioni sinia hurudishwa ng'ambo likiwa na vyakula, nalo pia mkono kwa mkono. Na kwa kuwa Mbono ni kisiwa, mlango wake ni gati.

Mwisho wa safu, upande wa kulia, alisimama Dk. Miza Vuai, dada mkubwa wa bibi harusi na mtunzaji wa Nahodha. Alikuwa amevaa sare kama wenzake: kitambaa cheupe chenye milia myeusi iliyoshuka kutoka begani hadi kifundoni. Kikao cha kuchagua sare hakukihudhuria. Kiligongana na saa ya kuwalisha wanyama wake, akatuma mchango na vipimo vyake vya kiuno, akaona ametimiza wajibu.

Pantoni ilizunguka, ikarudi. Safari hii ilifika pima tisa, ikageuka kulia.

"Mara ya kwanza kushoto, mara ya pili kulia," Miza alisema. "Usukani ni mzima."

"Alhamdulillahi," alisema Bi. Kazija. "Usukani mzima, na sisi tunakauka kama papa."

Kipaza sauti cha pantoni kilikoroma. Ilikuwa sauti ya Bi. Subira, shangazi wa bwana harusi, mwenye sinia.

"Mbono! Mnatufukuza?"

"Nani kawafukuza? Njooni!"

"Si ndiyo tunakuja!"

"Mnakuja kinyumenyume?"

*

Nahodha hakuwa mtu. Alikuwa mayavuyavu sita wa mikoko, viumbe wa baharini laini kama utelezi, kila mmoja mkubwa kama ukucha wa kidole gumba, ndani ya tangi la kioo kwenye omo, mbele kabisa ya pantoni.

Yavuyavu wa aina hii hana ubongo. Ana macho ishirini na manne, yaliyogawanyika katika mafungu manne, na kila fungu lina kituo chake cha neva. Porini huishi katikati ya mizizi ya mikoko, akifuata vijidudu vinavyojikusanya kwenye miale ya jua, na hatari yake kubwa ni kujigonga, kwa kuwa mwili wake ni laini kuliko uji. Mzizi huuona kama mstari mweusi uliosimama mbele ya mwangaza. Mstari ukiwa umefifia, hudhani uko mbali. Akiugonga mara tatu, nne, pengine tano, hubadili hesabu yake: hata uliofifia unaweza kuwa karibu. Baada ya hapo hugeuka mapema. Wataalamu wengi wa zamani walidhani kwamba kiumbe asiye na ubongo hawezi kujifunza. Yavuyavu hakuwa na habari nao.

Kamera za pantoni ziliangusha picha ya nje kwenye kuta za tangi. Pantoni ikigusa kitu, tangi lilitikiswa. Mayavuyavu wanne kati ya sita wakielekea upande mmoja, usukani uliwafuata. Hawa walizalishwa maabara ili waishi miaka saba badala ya miezi. Walikuwa katika mwaka wa tano, na tangu mwaka wa pili pantoni haikugusa mzizi. Mtambo uliowatangulia ulikuwa ukisoma ramani, na mikoko haifuati ramani. Kabla ya mtambo palikuwa na usukani wa mkono. Uliondolewa siku mtu wa mwisho kuushika alipoipandisha pantoni juu ya mizizi akijibu salamu ya rafiki yake, ambayo kwa Mbono ilikuwa ndefu.

Kwa sababu ya Nahodha, gati yote ilipakwa chokaa, nguzo kwa mbao. Abiria walisubiri nyuma ya ukuta mweupe. Palikuwa na tangazo: Usisimame Ukingoni. Lakini harusi haisomi matangazo.

*

Miza alifanya kazi akiwa palepale kwenye safu, kwa kuwa hakuruhusiwa kutoka. Simu yake ilimpa hali ya tangi. Chumvi ya maji sawa. Joto sawa. Mayavuyavu wote sita walikuwa hai na wameshiba. Asubuhi pantoni hiyohiyo, kwa Nahodha huyohuyo, ilikuwa imemvusha baba yake kwenda Vikunguni, kwao bwana harusi, kufungisha nikaha, na ilifunga gatini bila tatizo. Kwa hiyo swali lilikuwa moja: nini kimebadilika tangu asubuhi?

Alitazama maji. Alitazama jua. Mwishowe akatazama pindo la gauni lake.

"Ni sisi," alisema.

"Sisi tumefanya nini?" aliuliza Bi. Kazija.

"Hatujafanya kitu, Shangazi. Tumesimama. Milia hii kwa Nahodha ni mizizi. Anaona msitu wa mikoko umeota gatini."

Bi. Kazija aligeuza shingo, akawatazama wenzake mmoja mmoja mpaka mwisho wa safu.

"Nimeitwa mengi katika maisha yangu," alisema. "Mkoko, bado."

"Tuvae mabaibui juu," alisema mwanamke wa katikati, na kabla Miza hajamaliza kusema kwamba hilo halifai, mabaibui arobaini yalikwisha kutolewa kwenye mikoba na kuvaliwa. Sasa palikuwa na nguzo arobaini nyeusi tii mbele ya ukuta mweupe. Pantoni iligeuka ikiwa pima thelathini, na kwa kasi ambayo Miza hakuwahi kuiona tangu aanze kumtunza Nahodha. Bwana harusi alionekana akishika kilemba kwa mikono miwili.

"Weusi ukizidi, mzizi uko karibu zaidi," Miza alieleza. "Vueni."

Walivua. Wakajaribu kuchuchumaa. Pantoni ikaja, ikaona, ikaondoka.

"Mkoko mfupi ni mkoko," alisema Miza.

Pandu, mfunga kamba wa gatini, aliyekuwa mwanamume pekee karibu na hakuwa sehemu ya safu, alijitolea kwenda na mtumbwi kulileta sinia. Alisimama wima katikati ya mtumbwi, mweusi wa jua, na pondo lake refu mkononi. Nahodha alimkimbia mpaka mdomo wa mkondo. Pandu alirudi akitokwa na jasho, akasema kwamba maisha yake yote hakuwahi kuogopwa na chombo cha tani arobaini, na kwamba haikuwa mbaya.

Kusimamisha injini hakukuwezekana. Maji yalikuwa yamekwisha anza kutoka, na pantoni ingebebwa hadi kwenye mizizi halisi. Saa kumi na moja kina cha gatini kingekuwa hakitoshi, na pantoni ingerudi Vikunguni na bwana harusi wake.

"Tukirudi hatuji tena!" kipaza sauti kilitangaza. "Hatubishi hodi mara mbili kwenye nyumba inayokimbia!"

"Nyumba haijakimbia!" Bi. Kazija alijibu. "Miguu ni yenu!"

*

Mzee Mbarouk, sheha wa Mbono, alikuja na mwavuli wake na suluhisho.

"Daktari, si una ufunguo wa kumfuta?"

"Ninao."

Ulikuwa shingoni mwake, chini ya sare: kitufe kidogo chenye kifuniko. Ukikibonyeza, dawa humwagika tangini, na katika muda wa kumeza mate Nahodha husahau kila mgongano aliowahi kuupata. Huwa kama siku aliyozaliwa. Sheria ya Viumbe Watendakazi ilimwachia mtunzaji peke yake uamuzi huo, kwa sababu wabunge walijadili wiki nzima nani awe nao na mwishowe wakachoka.

"Basi mfute," alisema Sheha. "Atakuwa haogopi milia. Ataingia gatini. Harusi itaendelea. Kesho atajifunza tena."

"Atajifunza kwa kugonga, Sheha. Hana njia nyingine. Atagonga mara tatu mpaka tano kabla ya kubadilika, abiria wakiwa ndani."

"Atagonga polepole."

"Akifutwa hatajua polepole ni nini. Hilo nalo alijifunza."

Sheha alihamisha mwavuli bega la pili. "Miza, mwanangu. Hebu tuseme ukweli. Ni vijidudu sita kwenye chupa. Vinaumia?"

"Sijui," alisema Miza. "Ninachojua ni kwamba akigonga hubadilika, na asipogonga habadiliki. Hiyo ndiyo mali yake yote. Kila alichojifunza kwa kugonga. Nikibonyeza, ninaichukua, kwa sababu sisi tumevaa vibaya."

"Nani kavaa vibaya?" aliuliza Bi. Kazija.

Simu ya Miza ililia. Alikuwa Riziki, mdogo wake, bibi harusi, aliyekuwa juu kwenye nyumba ya baba yao, mikono ikiwa na hina isiyokauka, akitazama yote kupitia upenyo wa dirisha. Mtu fulani alikuwa amemshikia simu sikioni.

"Dada, mbona mume wangu anazungukazunguka kama kuku wa kideri?"

Miza alimweleza kwa sentensi tatu.

"Sasa si umfute!"

"Nafikiri."

"Unafikiri nini? Dada, hivi wewe unampenda yule mdudu kuliko mimi?"

"Swali hilo halipimiki, Riziki."

Upande wa pili pakasikika mtu akilia kwa uangalifu, bila kugusa wanja.

"Nisikilize," alisema Miza. "Leo jioni, maji yakiwa yanatoka, utapanda pantoni hii kwenda kwa mumeo. Kwenye kona ya Kibiongwe mzizi umeingia ndani ya mkondo, na jua la jioni huufifisha. Nahodha aliugonga mara nne mwaka wa kwanza. Tangu hapo anaukwepa. Nikimfuta sasa, atakuwa hajawahi kufika Kibiongwe, na wewe utakuwa ndani."

"Na usipomfuta nitakuwa wapi?"

Miza alitazama kifuani pake. Alikuwa ametoa ufunguo nje ya sare bila kujua, na kifuniko chake kilikuwa wazi.

Kwa mara ya sita pantoni ilijongea, ikageuka.

"Huyo mdudu," alisema Bi. Kazija ghafla, macho yake yakiwa baharini. "Anajifunza kwa mara ngapi?"

"Tatu, Shangazi. Wakati mwingine hufika tano."

"Mimi mume wa kwanza alikuja na maneno matamu, nikagonga. Wa pili akaja na maneno matamu, nikagonga. Wa tatu akaja na maneno matamu."

"Ukageuka."

"Nikagonga. Wa nne ndiye niliyemgeuzia mgongo, na maneno yake hata hayakuwa matamu sana, yalikuwa yamefifia." Alijipangusa jasho. "Sina kingine cha maana nilichokisoma duniani. Leo mtu aje na kidude chake anifute hayo, eti kuna watu wana haraka ya kula pilau? Sheha, ondoka hapo, unatuzibia upepo."

"Bi. Kazija, mimi nataka harusi yako—"

"Ondoka na huo mwavuli. Mti wake wenyewe mweusi, umesimama wima. Pengine tangu hapo unakimbiwa wewe."

Sheha aliutazama mti wa mwavuli, akaufunga.

Miza alirudisha kifuniko cha ufunguo. Halafu akatazama safu, kwa utulivu, kama anavyotazamwa mnyama ambaye tabia yake bado haijaandikwa.

"Shangazi, mila inasemaje hasa?"

"Unaijua."

"Iseme neno kwa neno."

"Asiondoke mtu mlangoni mpaka sinia lipokelewe mkono kwa mkono."

"Inasema tusimame?"

Bi. Kazija aliitazama miguu yake.

"Nahodha anaogopa mstari uliosimama," Miza aliendelea. "Uliolala hauna maana kwake. Milia yetu inafuata urefu wa mwili. Tukilala kandokando ya ukingo, kichwa kwa mguu, milia yote italala."

"Tulale?"

"Ndiyo."

"Chini? Mimi? Mbele ya Subira?"

"Ama hivyo, ama mlango ufunguliwe bure, ama nimfute. Sioni la nne."

Bi. Kazija alitafuta la nne kwa muda. Kisha akakunja pindo la sare yake, akasema "Bismillahi", akaketi, akajinyoosha juu ya mbao nyeupe za gati kama mtu anayejitandika mwenyewe.

"Miguu ya nani hii kichwani kwangu?"

"Yangu, Bi. Kazija. Samahani."

"Ivue viatu basi."

Safu ililala kuanzia kwake kwenda pande zote mbili. Palitokea ubishi mfupi juu ya nani alale karibu na nani, kwa kuwa wawili walikuwa hawasemezani tangu Idi, na Miza aliumaliza kwa kulala kati yao. Akiwa hapo aliona mbingu, soli ya kiatu kimoja, na Sheha aliyekuwa anatazama pembeni kwa heshima.

*

Pantoni ilikuja. Pima ishirini. Pima kumi.

"Mbono!" kipaza sauti kiliita kwa hofu. "Kuna nini? Mmezimia?"

"Tumelala!" alipaza Bi. Kazija.

"Mmelalaje na mgeni mlangoni?"

"Mmechelewa!"

Pima tano. Mayavuyavu sita walielea katikati ya tangi bila kuelekea popote. Pima mbili. Pandu alirusha kamba akiwa amejikunja kama kaa, kwa tahadhari. Pantoni iligusa gati saa tisa na dakika thelathini na tano, na vigelegele vilipanda kutoka chini, jambo ambalo wasikilizaji walisema baadaye liliwatia baridi.

Bi. Subira alikuwa wa kwanza kushuka, sinia mikononi, simu ya mpwa wake ikimpiga picha za video kutoka nyuma na kuzipeleka moja kwa moja Vikunguni. Kwa kawaida mtoa sinia huinamisha kichwa kidogo. Bi. Subira aliinama mpaka kiuno, akaona bado, akapiga magoti, akanyoosha mikono. Bi. Kazija alilipokea kifuani, amelala chali, bila kuinua kichwa.

"Karibuni," alisema.

Hapakuwahi kuonekana Mbono upande wa bwana harusi ukiinama kiasi kile. Bi. Kazija alilijua hilo, na Bi. Subira alijua kwamba analijua.

Mlango ulifunguliwa. Shaame alipanda kwenda nyumbani kwa Vuai, baba mkwe wake, akampa mkono mkewe, na pilau ililiwa kwa haraka ambayo Bi. Kazija aliita ya wakimbizi. Kabla ya saa kumi na moja pantoni iliondoka na maharusi, sinia lililojazwa vyakula, Bi. Kazija wa kulirudisha, na Dk. Miza kwenye kiti cha mtunzaji, kando ya tangi.

Kwenye kona ya Kibiongwe jua lilikuwa mbele. Miza aliutafuta mzizi majini, asiuone. Ulikuwa umefifia kabisa kwenye mng'ao. Ndani ya tangi yavuyavu mmoja alijikunja, akageuka. Kisha wa pili. Wa tatu alikawia. Wa nne akawafuata, usukani ukazunguka, na mzizi ukapita upande wa kulia, karibu kiasi kwamba Riziki, aliyekuwa ameketi pembeni na shela lake, aliweza kuhesabu chaza walioushika.

"Ndio ule?" aliuliza.

"Ndio ule," alisema Miza.

Riziki alilitazama tangi. Akasogeza shela kidogo, kivuli chake kisiangukie kioo.

Saa kumi na moja na nusu pantoni iliingia gati ya Vikunguni. Wanawake wa upande wa bwana harusi walivaa sare ya maua makubwa ya njano, ambayo Nahodha hakuwahi kuwa na ugomvi nayo. Walikuwa wamelala wote ukingoni, kichwa kwa mguu, mkubwa wao akiwa katikati, chali, mikono tayari kifuani.

Bi. Kazija alisimama kwenye ngazi ya pantoni na sinia lake. Aliwatazama kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Alimtazama Bi. Subira, aliyekuwa kando yake kwenye pantoni, anatazama bahari.

Kisha akapiga magoti.